Mita mia za mwisho kabla ya geti la shule

Saa moja na robo asubuhi, nje ya shule nyingi za Dar es Salaam, barabara moja nyembamba inabeba kila kitu kwa wakati mmoja. Mabasi ya shule yanataka kuingia, magari ya wazazi yanataka kutoka, bodaboda na bajaji zinapenya katikati. Mzazi mmoja amewasha hazadi na kusimama mbele ya geti, anamshusha mtoto "dakika moja tu". Aliye nyuma yake anapiga honi. Mwingine anarudi nyuma apate pa kugeuzia. Katikati ya purukushani hiyo wanapita watoto wanaokuja kwa miguu, mabegi mgongoni, wakikimbilia kengele.

Mzazi huyo hafanyi hivyo kwa ubaya. Amekaa kwenye foleni tangu alfajiri, kazini anasubiriwa, na anataka kumwona mwanawe akiingia ndani kwa macho yake. Shida ni kwamba usalama anaomtafutia mwanawe anaupunguza kwa watoto wa wenzake. Gari likisimama juu ya kivuko, mwanafunzi wa darasa la pili hulazimika kupita mbele ya boneti na kuchungulia ndipo avuke. Dereva anayekuja hamwoni, naye mtoto halioni gari hadi awe ameshaingia barabarani.

Hili ni suala la afya kama yalivyo mengine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mzazi anayehakikisha mtoto amemaliza chanjo zote, amemeza dawa ya minyoo na analala ndani ya chandarua, ana sababu ileile ya kufikiria namna mtoto huyo anavyofika shuleni.

Mtoto si mtu mzima mfupi

Watu wazima hudhani mtoto akiambiwa "angalia kulia, kushoto, kisha kulia tena" kazi imekwisha. Lakini mtoto wa miaka sita au saba bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalomjia wala umbali wake. Akimwona rafiki upande wa pili, akili yote huhamia huko. Kimo chake pia humponza, kwa kuwa gari dogo tu lililoegeshwa linatosha kumficha asionekane kabisa.

Akigongwa, anaumia vibaya kuliko mkubwa. Sehemu ya mbele ya gari inayompiga mtu mzima mguuni humfikia mtoto kifuani au kichwani.

Kasi nayo ina hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji walau sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, kwa hiyo mita hizo 14 zimeshakwenda kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Kwa kilomita 30 kwa saa, ni mita 8 tu. Ndiyo maana wataalamu wa usalama barabarani wanashauri mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochanganyika na watoto, ingawa kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50.

Sheria ipo, na dawa ipo

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva kumpisha mtu anayevuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Haisemi apishwe iwapo dereva hajachelewa. Hazadi nazo ni taa za dharura. Hazigeuzi kivuko kuwa maegesho.

Kwamba hali inaweza kubadilika, Dar es Salaam yenyewe imeonyesha. Shirika la Amend, kupitia mpango wake uitwao SARSAI, lilifanya kazi kwenye shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakiumia zaidi barabarani. Liliweka matuta, vivuko, njia za miguu, vibao na vizuizi vya kutenga watoto na magari, na mahali pengine geti lilihamishiwa upande wenye magari machache. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ulionyesha watoto wanaojeruhiwa walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Hakukuwa na teknolojia ya ajabu, ni saruji, rangi na mpangilio.

Afanye nini mzazi?

La kwanza ni kuacha kulenga geti. Shusha mtoto mita mia moja au mia mbili kabla, mahali ambapo gari linaweza kutoka kabisa barabarani, kisha mtembee pamoja hadi getini. Kama huna nafasi ya kushuka, mpe dada au kaka wa madarasa ya juu amshike mkono. Mara nyingi mwendo huo wa dakika tatu ni mfupi kuliko muda wa kusubiri kwenye msongamano.

Chagua mahali ambapo mtoto hatahitaji kuvuka. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, mtoto ashuke kwa mlango wa kushoto, kamwe si upande wa magari yanayopita. Begi akae nalo mapajani, ili usihitaji kufungua buti barabarani.

Usirudi nyuma karibu na geti. Ni afadhali uzunguke mtaa mzima. Ukiwa unasubiri, zima injini, maana watoto hupumua haraka kuliko wakubwa, na wenye pumu huteseka na moshi huo.

Anayetumia bodaboda amtafute dereva mmoja anayemfahamu, akatae mshikaki, na mtoto avae kofia ngumu inayomkaa. Anayetumia basi la shule amfundishe mtoto asivuke hadi basi liondoke na barabara ionekane pande zote.

Yale yasiyowezekana kwa mzazi mmoja yapelekwe kwenye kikao cha wazazi. Shule inaweza kupishana muda wa madarasa ya chini na ya juu kwa dakika kumi na tano, kutenga mlango wa wanaotembea na wa magari, na kumweka mwalimu wa zamu au mlinzi kwenye kivuko. Matuta na alama huombwa kwa barua kupitia serikali ya mtaa, kwenda TARURA kwa barabara za mitaa au TANROADS kwa barabara kuu. Barua yenye saini za wazazi wengi ina uzito kuliko malalamiko ya kila mtu ndani ya gari lake.

Gharama ya yote haya ni kuondoka nyumbani dakika kumi mapema na kukubali kutembea kidogo. Kiatu kitapata vumbi. Lakini mtoto wa jirani anayekuja kwa miguu ataiona barabara yote, na dereva anayekuja naye atamwona.