Busti Inapoyumba, Usianze na Kidude cha Kwenye Dashibodi

Hebu fikiria umetoka Naivasha jioni, unapanda mlima kuelekea Nairobi. Watoto wamelala kiti cha nyuma, kwenye buti mna viazi na kabeji, na mbele yako lori linatambaa. Barabara inafunguka. Unakanyaga mafuta na gari linachomoka, lakini ukiwa ubavuni mwa lori nguvu zinakatika ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi. Zinarudi, kisha zinakatika tena. Mwenye gari la turbo ambaye yamewahi kumfika haya hahitaji kuelezwa jinsi moyo unavyodunda.

Barua tatu nilizopata mwezi huu zinauliza habari hiyo hiyo. Wote walioandika wana magari yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, na kwenye dashibodi walikuta kidude chenye namba za kuwaka, kilichoandikwa HKS, Blitz au GReddy. Hicho ni kidhibiti cha elektroniki cha busti, yaani ule msukumo wa hewa ambao turbo huingiza kwenye injini. Aghalabu kilitiwa na mwenye gari wa kwanza ili aongeze nguvu. Na wote watatu, busti ilipoanza kuyumba, walifanya kosa moja: walianza kubonyeza vitufe.

Tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu la turbo, na gurudumu hilo husukuma hewa ndani ya injini. Kama hakuna cha kulizuia, litasukuma hadi injini ipasuke. Kwa hiyo kuna mlango mdogo, mafundi huuita westigeti, ambao hufunguka na kuupitisha moshi kando. Mlango huo hufungwa na springi na hufunguliwa na presha ya hewa ya turbo yenyewe, inayofika kupitia mpira mwembamba kama kidole cha mtoto. Katikati ya safari hiyo ndipo hukaa solenoidi, vali ndogo ya umeme inayofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde. Kidude cha dashibodi huiamuru solenoidi ni presha kiasi gani iufikie mlango. Ikifika kidogo, mlango huchelewa kufunguka na busti hupanda.

Utaona basi kwamba kidude hutoa amri tu. Kama mpira umetoboka au mlango umekwama kwa kutu, hata ukiongeza au kupunguza namba ni bure.

Jaribio la kwanza halihitaji hata senti. Iondoe solenoidi katika njia: chukua mpira mmoja mzima na uunganishe moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa turbo hadi kwenye kifaa kinachovuta mlango wa westigeti. Sasa springi ndiyo inayotawala peke yake, na busti itakuwa ya chini. Kwa magari mengi ni karibu nusu ya bar, au zaidi kidogo. Tafuta barabara tupu, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta hadi mwisho, na mtu mwingine, si wewe dereva, asome geji. Busti ikipanda na kutulia palepale, injini na turbo havina kosa. Mkosaji ni solenoidi, nyaya zake, mipira yake au namba ulizoweka. Ikiyumba bado, kiache kidude kabisa, maana hakihusiki.

Iko hali ya tatu. Busti inatulia mwanzoni, kisha inapanda polepole kadiri injini inavyozunguka kasi. Hapo mlango ni mdogo kuliko moshi unaotaka kupita, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alitia ekzosi pana ya kishindo. Hakuna kidhibiti kitakachoponya hilo, kwa kuwa hakiwezi kushusha busti chini ya ile ya springi. Lazima mlango upanuliwe, au ekzosi ya awali irudi.

Nirudi kwa mipira, maana huko ndiko nimeona fedha nyingi zikipotea. Jirani yangu alizunguka gereji tatu. Ya kwanza ilimuuzia solenoidi mpya, ya pili ikamwongezea namba kwenye kidude, ya tatu ikataka kubadilisha turbo nzima. Siku moja tulifungua boneti pamoja, nikaukunja kila mpira kwa vidole. Mmoja ulikuwa na ufa chini ya klipu, mahali ambapo macho hayafiki. Gari likiwa limesimama ufa ulijifunga. Hewa ikija kwa nguvu, ulifunguka. Joto la turbo huikausha mipira hadi inakuwa ngumu kama plastiki, na ile ya bei rahisi haimalizi mwaka.

Mipira minene ya hewa, na ile rejeta ya kupoza hewa, pimeni hivi. Nendeni kwa fundi wa kuziba pancha. Tafuteni kifuniko kinachobana mdomo wa hewa wa turbo, kiwe na vali ya tairi iliyotobolewa katikati. Ingizeni upepo polepole, msipite bar 1, huku mkinyunyiza maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu litasema penye tundu. Mshikeni mkono huyo fundi wa pancha asiachilie upepo wote kama anavyojaza tairi la lori, la sivyo atang'oa sili za injini.

Solenoidi nayo ina maradhi yake. Mvuke wa oili huingia na kuinatisha, na kichujio chake kidogo, ikiwa kipo, huziba pasipo mtu kukumbuka kwamba kipo. Ioshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha iangalie imefungwa wapi. Nimeiona imefungwa jirani na ekzosi hadi waya umeyeyuka. Angalia pia midomo yake. Umeme ukizimwa, presha inapaswa kupita moja kwa moja hadi westigeti. Ikiwa imeunganishwa kinyume, fyuzi moja ikiungua mlango hautafunguka kamwe, na busti haitakuwa na kikomo. Na mpira wa sensa ya kidude uwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye injini; usiugawe na vali ya kupumua.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo uguse namba. Vidhibiti vingi vina namba mbili: moja ni kiwango cha busti, nyingine ni ukali wa kukifikia. Watu husahau hiyo ya pili. Ikiwa juu mno, busti huruka kupita kiwango, hushuka, huruka tena, kama dereva mgeni anayeyumbisha usukani. Ishushe hadi busti itulie, kisha uipandishe kidogo kidogo.

Wasomaji wa Mombasa wanaokuja Nairobi wajue jambo moja zaidi. Hewa ya Nairobi ina presha ndogo kwa karibu asilimia 18 kuliko ya pwani. Ili geji isome 0.8 ya bar huko Mombasa, turbo huibana hewa mara 1.8, Nairobi ni lazima iibane karibu mara mbili. Kwa hiyo busti huchelewa, turbo hukimbia zaidi, na namba zilizokufaa Nyali huenda zisikufae Lang'ata.

Mnisamehe kama naonekana mwoga, lakini busti inayoruka haikatizi safari tu. Gari lilipokatika nguvu pale ubavuni mwa lori, huenda ni kompyuta iliyokata petroli baada ya kuona presha imezidi, na ilikuwa inakuokoa. Pasipo hilo petroli hulipuka kabla ya wakati wake, unasikia kama kokoto ndani ya mkebe, na pistoni hupasuka penye ringi. Ukitaka kujua bei ya injini nyingine, pita Kirinyaga Road ukiulize ukiwa umekaa. Tena mwenye gari wa kwanza alipanga namba zake akitumia petroli ya Japani ya oktani karibu na 100, si hii tunayojaza hapa. Kuna vifaa vya kuidanganya kompyuta isione busti iliyozidi. Visikaribie gari lako.

Wewe mwanafunzi uliyeuliza kama babako anaweza kuking'oa kidude hicho kabisa: ndiyo, anaweza. Solenoidi ya kiwandani irudishwe na waya wake uchomekwe, ama taa ya injini itawaka. Kwenye baadhi ya mipira ya magari haya, Subaru hasa, kuna kipande cha shaba chenye tundu jembamba ndani yake. Hakikisheni hakikutupwa, kwani bila hicho busti itakuwa hafifu. Mchoro wa mipira mara nyingi umebandikwa chini ya boneti. Gari litapungua nguvu kidogo, lakini mama na watoto hawatajua tofauti.