Kizimba si Bustani

Kuna hoja ambayo huzuka kila watu wa rika langu wanapokutana barazani na mazungumzo yakaelekea kwenye maendeleo ya kisiwa chetu. Husemwa kwamba Pemba haina hata bustani moja ya wanyama. Kwamba watoto wetu wanakua bila ya kumwona simba wala twiga ila katika picha. Kwamba watalii huishia Unguja kwa kuwa huku hatuna cha kuwaonyesha. Na kwamba tukimpata mfadhili wa kutuzungushia uzio eka chache na kututilia ndani wanyama kumi au kumi na tano, mambo yatatunyookea. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na kila mara nimenyamaza kwa adabu. Leo naomba nisinyamaze. Naipinga, na nitajitahidi kuipinga kwa sababu.

Nianze na neno, maana maneno ndiyo kazi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa nifasiri kitabu kidogo cha watoto kilichoeleza siku moja ya wanyama katika mji mmoja wa Ulaya. Niliandika "bustani ya wanyama" bila ya kufikiri mara mbili, kwani ndivyo kamusi zisemavyo. Baadaye nikampeleka mpwa wangu kuwaona wanyama katika mji mmoja wa Bara. Tulipokwisha kuzunguka, akaniuliza: "Mjomba, mbona wanaita bustani? Hapa kumepandwa nini?" Sikuwa na jibu. Bustani ni mahali pa kupanda na kuota. Pale palikuwa na saruji, nondo na bomba la maji. Simba alikuwa akitembea hatua saba kwenda na hatua saba kurudi. Mtunzaji wake alikuwa mtu mwema, akatueleza saa za kumlisha na kiasi cha nyama anayopewa, na simba hakuonekana kuwa na njaa. Lakini nilipotaka kumsimulia nyumbani nilijikuta sina kitenzi ila kimoja: aliranda. Nyani je? Aliranda. Fisi? Aliranda naye. Wanyama wa tabia mbalimbali, waliotoka katika pori, mlima na mbuga, wote wamekuwa na kitenzi kimoja.

Lugha yetu inalo neno la kweli la mahali pale, nalo ni kizimba. Kuku hufungwa kizimbani, na mshitakiwa husimama kizimbani. Tofauti ni kwamba mshitakiwa husomewa shitaka lake, akapewa nafasi ya kujitetea, na siku ya hukumu ikafika. Simba yule hakusomewa kitu, na hukumu yake haina siku ya mwisho. Sisi ambao tangu utotoni tumehadithiwa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, wala hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki katika ardhi, hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Ataniambia mtu kwamba simba wa mjini hulishwa. Ni kweli. Lakini katika habari ile mna makosa mawili, na kulisha huondoa moja tu.

Hoja nyingine ni kwamba bustani hizi hutukuza elimu. Na tutazame basi zimetukuza nini. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimfikisha twiga katika jumba la mfalme wa China, mwaka mmoja tu baada ya twiga mwingine kufika huko kutoka kwa mtawala wa Bengali. Wachina hawakupata kumwona mnyama wa namna ile, wakamwita kwa jina la mnyama wa baraka wa hadithi zao, ambaye huaminiwa kuwa hutokea pindi mfalme mwadilifu anapotawala. Shen Du, mwandishi mashuhuri wa jumba lile, alimtungia twiga sifa. Ukitazama kwa makini utaona aliyesifiwa hakuwa twiga. Aliyesifiwa ni mfalme. Twiga alikuwa ni hati ya kuthibitisha uadilifu wa mwenye kumfuga. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watawala wengi waliofuga wanyama wa mbali, wa Mashariki na wa Magharibi: kizimba ni kasida ya mwenye kizimba. Sisi washairi tunazijua kasida za kulipiwa, na tunajua ukweli mdogo kiasi gani hubaki ndani yake.

Wala tusidhani kwamba Tanzania haijawahi kulijaribu jambo hili. Mwaka 1964 kisiwa cha Saanane, katika Ziwa Viktoria karibu na mji wa Mwanza, kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Kisiwa kile kinaitwa kwa jina la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akikaa pale kabla ya wanyama kuletwa. Mwenyewe alihamishwa, jina likabaki. Takriban nusu karne baadaye, mwaka 2013, kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Naisoma safari hiyo kama funzo: waliotangulia kuzungusha uzio ndio waliokuja kuona kwamba kisiwa chenyewe, na mawe yake na miti yake na ndege wake, ndicho cha kuhifadhiwa. Je, sisi tuanzie pale wenzetu walipopaacha?

Sasa niifikie hoja yenye nguvu kuliko zote, ambayo nisipoitaja nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Wapo viumbe ambao leo wangekuwa hawapo duniani lau si bustani za wanyama. Mfano mkubwa ni wa kwetu. Chura wa Kihansi alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, katika korongo la maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ni chura mdogo asiyefika sentimita 3, wa rangi ya manjano, na kinyume cha vyura wengi yeye hatagi mayai, huzaa. Dunia yake yote ilikuwa ni vipande vichache vya majani vilivyoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Lilipojengwa bwawa la umeme, takriban sehemu tisa katika kumi za maji zikachepushwa, na rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 kizazi cha wale waliosafirishwa kikaanza kurejea Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe, ambako mabomba yametandazwa ili kuyanyunyizia majani maji.

Nawavulia kofia waliofanya kazi hiyo, wa huko na wa hapa. Lakini tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa ni kazi ya hospitali. Mgonjwa alipelekwa ng'ambo kwa sababu nyumba yake ilibomolewa, na tiba haikutimia mpaka aliporudishwa nyumbani, na nyumbani penyewe sasa panahitaji mabomba ili kufanya kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bure. Hospitali ni jambo la heri, lakini sijamwona mzazi anayetamani mwanawe alazwe ili apate kuzijua sura za madaktari. Anayetaka kutujengea kizimba Pemba hatuletei hospitali. Hana mgonjwa. Anataka wanyama wazima waliochukuliwa kwao ili sisi tuwatazame Jumapili.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu hasa. Wanaosema Pemba haina mnyama wa kuonyesha hawajainua macho yao magharibi inapoingia. Kisiwa hiki kina popo ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu au kuzidi, na kichwa chake ni cha rangi ya kahawia nyekundu mithili ya mbweha. Jina lake la kitaalamu, Pteropus voeltzkowi, alipewa mwaka 1909 na Matschie wa Berlin, kwa heshima ya Mjerumani mwenzake Voeltzkow aliyezuru visiwa vyetu. Hata jina lake basi limebeba heshima ya mgeni. Sisi wenyewe tulimpa jina gani? Popo, basi. Na ilipozuka hofu ya popobawa hapa Pemba mwaka 1995, ikavuka bahari hadi Unguja, tukamwongezea na fedheha ambayo hakuitenda.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha kumfanyia makubwa zaidi. Misitu yetu ilikwisha kukatwa kwa ajili ya mikarafuu na mashamba; kisha zikaja bunduki na nyavu, kwani nyama yake ilikuwa na walaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliobaki walikadiriwa kuwa elfu chache tu, na mwaka 1996 akatiwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Popo huyu huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Anayepigwa leo halipwi kesho.

Nini kilichomwokoa? Ni watu wa vijijini. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, idara ya serikali iliyosimamia maliasili, pamoja na shirika la Fauna & Flora International, walikwenda kuzungumza na wanavijiji wanaoishi karibu na miti ambayo popo hulala. Vikaundwa vikundi vya wenyeji, watoto wakafundishwa skuli, na vijiji vyenyewe vikakubaliana kwamba hapa hapapigwi bunduki na mti huu haukatwi. Baadhi ya miti hiyo imo makaburini, ambako hata bila ya sheria ya serikali watu wetu huona haya kutia shoka. Ilipofika mwaka 2007 popo walihesabiwa kuwa karibu 20,000, na daraja lao la hatari likashushwa. Haikuhitajika nondo hata moja.

Anayetaka kuona na aende Kidike, si mbali na Chake Chake, akae chini ya miti pamoja na wenyeji wanaoilinda. Atawakuta wananing'inia mamia kwa mamia mchana kutwa, na vitenzi vitamjia bila ya kuvitafuta. Huyu anajipepea kwa bawa kwa sababu ya joto. Yule amemfunika mwanawe. Wawili wanagombea tawi na kupigiana kelele, wa tatu anajilamba, wa nne anageuka ili asijichafue. Jua likizama wanang'oka kidogo kidogo, wakaenda kutafuta embe, shelisheli na matunda ya mikuyu, wakafyonza maji yake na kutema makapi, na mbegu wakazitupa njiani ambako hakuna mkulima aliyefika. Kumepandwa nini katika bustani? Huku kuna jibu, na mpandaji ni popo mwenyewe.

Sisemi kwamba mambo yote yamekamilika. Miti inaendelea kukatwa, na kilichookolewa kwa maafikiano ya vijiji kinaweza kupotea pindi maafikiano hayo yakisahauliwa. Kwa hiyo huyo mfadhili wa eka chache, akitokea, tumwambie azitie fedha zake katika miti: Kidike, Ngezi, na kila kichaka cha makaburi ambacho popo hulala. Alipe posho ya walinzi, achapishe kitabu cha watoto chenye majina ya ndege wa Pemba, ninga na bundi wetu, ambao nao hawapatikani kwingine. Wahenga walikwisha kutuasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sehemu ya lawama hii ni yangu. Juzi niliyafungua madaftari yangu ya miaka thelathini, nikahesabu. Simba nimemtaja katika mashairi yangu zaidi ya mara arobaini, na simba wangu wa kwanza nilimwona kizimbani, nikiwa mtu mzima. Popo, anayepita juu ya paa langu kila usiku, sikumtaja hata mara moja. Nani basi aliyemwambia mtoto wa Pemba kwamba mnyama wa maana ni yule anayeletwa kwa meli? Ni mimi na wenzangu wenye kalamu. Ikiwa tunataka mtoto huyo asilie kizimba, wa kwanza kutubu ni sisi. Nami naanza kwa ubeti huu mmoja:

Popo wetu yu mtini, hakuomba kujengewa,
Msimtie tunduni, kwa tiketi kuuziwa,
Aruke magharibini, jua likishapokewa,
Tumwache yake makani, na mti wa kutuliwa.