AFYA YA FAMILIA: Kabla ya Kuivua Miwani



Mwezi huu tumeonelea tuliweke mezani jambo ambalo tumeulizwa mara kwa mara katika mikusanyiko yetu, harusini na hata misibani: je, mtu aliyevaa miwani miaka ishirini afanyiwe upasuaji wa macho kwa leza, au abaki na miwani yake? Muulizaji aghalabu huwa ameshaliona tangazo, ameshamsikia mfanyakazi mwenzake akisifu, na fedha ameshaanza kuziweka. Lililobaki ni kuamua.

Hatuna haja ya kuwaeleza wenye miwani taabu zake. Wengi wetu tuliianza shuleni, tukaitwa macho manne, na bibi zetu wakashikilia kwamba tumeyaharibu macho kwa kusomea kibatari. Tulipohamia Uingereza taabu ziliongezeka: mvua ya rasharasha isiyokoma juu ya vioo, na ukungu unaotuziba pale tuingiapo katika basi lenye joto tukitoka katika baridi ya Januari. Wenzetu wanaowahudumia wagonjwa na wazee wanajua ilivyo kuvaa barakoa na miwani kwa zamu nzima. Kwa hiyo anayetamani kuiacha miwani hatafuti anasa tupu, wala si haki kumcheka.

Na tuanze kwa kuijua kazi yenyewe. Mbele ya jicho pana utando angavu mfano wa kioo, uitwao konea. Unene wake ni kama nusu milimita tu, nao hufanya takriban thuluthi mbili za kazi ya kuukunja mwanga ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Kwa asiyeona mbali, mara nyingi jicho ni refu kupita kiasi, na picha huangukia mbele ya mahali hapo. Miwani huirekebisha kasoro hiyo kutoka nje. Leza huichonga konea yenyewe ikapata umbo jipya. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua pamoja na wenzake kwamba aina moja ya leza huweza kuondoa tabaka jembamba mno la mwili bila kuunguza kandokando yake. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakachapisha habari za kuitumia katika konea, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha matumizi yake kwa wasioona mbali. Si jambo la jana, basi, na sifa zake na kasoro zake zimekwisha kujulikana.

Njia kuu ni tatu. Katika LASIK daktari hufunua kifuniko chembamba juu ya konea, leza ikachonga chini yake, kisha kifuniko kikarudishwa. Wengi huona vizuri kesho yake. Katika PRK hapana kifuniko. Ngozi ya juu kabisa huondolewa na kuachwa iote upya, hivyo maumivu huwa ya siku kadhaa na uoni hukawia kutulia. Katika SMILE hutolewa kipande chembamba kutoka ndani ya konea kupitia mkato mdogo. Katika zote tatu jicho hutiwa ganzi kwa dawa ya matone, na mgonjwa hurejea nyumbani siku ile ile.

Si kila jicho linalofaa. Konea iliyo nyembamba mno, au iliyoanza kuchongoka kwa maradhi, haichongwi. Mwenye macho makavu huweza kuzidishiwa ukavu. Mjamzito na anyonyeshaye hungoja, kwa kuwa vipimo vya macho hubadilika wakati huo. Aliye chini ya miaka 18 haanzi, na hata aliyeivuka miaka hiyo hungoja namba ya miwani yake itulie. Avaaye lenzi za ndani ya jicho yampasa aziache kwa muda atakaoambiwa kabla ya kupimwa, kwani lenzi hizo huibadili konea umbo. Na hata kwa aliyefaa, ukavu wa macho katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, na wengine huona miduara ya mwanga kuzunguka taa usiku. Madereva wa teksi wa usiku na walifikirie hilo kwa makini. Madhara makubwa ya kudumu ni nadra, lakini yapo, na atakayekuambia hayapo anakuuzia kitu.

Hata hivyo, swali ambalo watu wetu hawalifikii ni la umri. Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa nyumba moja. Mdogo ana miaka 27, miwani yake haijabadilika kwa miaka mitatu, na kazi yake ni ya ghalani penye vumbi na jasho. Dada yake ana miaka 46, hushona nguo za watu jioni, na akitaka kutunga uzi sindanoni huivua miwani na kuusogeza uzi karibu. Wote wawili hawaoni mbali, wote namba yao ni 3, na wote wanataka leza. Je, jibu lao ni moja?

Si moja. Baada ya miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kwa kila binadamu, ikashindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Ndiyo maana wazee wasiowahi kuvaa miwani huusogeza msahafu au barua mbali kwa urefu wa mkono. Lakini asiyeona mbali mwenye namba 3 huona wazi, bila miwani yoyote, kitu kilicho sentimita 33 kutoka jichoni; ndiyo siri ya dada yetu na sindano yake. Leza ikimpa kuona mbali, itamnyang'anya kuona huko kwa karibu. Ataiacha miwani ya barabarani na kununua ya kushonea, ya kusomea, ya kutazama simu, ya kuchambua mchele. Kaka yake atafaidi miaka mingi kabla ya kufika hapo, ila naye atafika.

Haimaanishi kwamba dada azuiwe. Madaktari huweza kulirekebisha jicho moja kwa mbali na kuliacha jingine kwa karibu, na jambo hilo laweza kujaribiwa kwanza kwa lenzi za kuvaa kabla konea haijaguswa. Wako wanaolizoea na wako wasiolivumilia. Ajaribu akiwa katika cherehani yake, si katika kiti cha kliniki. Mwenye kuamua na ajiulize ni saa zipi za siku miwani humkera, na anafanya nini kwa macho yake saa zilizobaki.

La pili ni fedha. NHS kwa kawaida hailipii leza kwa ajili ya kuepuka miwani, na katika kliniki za binafsi gharama ya macho yote mawili huhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Tunajua fedha kama hizo zina wenyewe wengi: ada ya mdogo wetu, paa la nyumba ya mama, tiketi za kwenda nyumbani. Si kazi yetu kumwambia mtu aanze na lipi. Ila tunasema hivi: lisiamuliwe kwa mkopo wa haraka wala kwa bei ya kupunguzwa inayoisha Ijumaa. Mwaka 2017 chuo cha kifalme cha madaktari wa macho cha hapa kilitoa miongozo itakayo daktari yule yule atakayefanya upasuaji akutane na mgonjwa kabla ya siku yenyewe na kuchukua ridhaa yake, na mgonjwa apewe angalau wiki moja ya kufikiri. Ukiona unaharakishwa, ondoka. Na anayefikiria kwenda nchi nyingine kwa sababu ya bei na aulize kwanza: nikipata shida wiki ya tatu nikiwa nimerudi kazini, nani atanitazama?

La tatu linatuhusu sisi wahamiaji kuliko wenyeji. Tunza karatasi zako. Uzeeni wengi wetu tutapata mtoto wa jicho, na wakati huo daktari hupima konea ili achague lenzi ya kupandikiza. Konea iliyochongwa na leza huyapotosha mahesabu ya kawaida, na vipimo vya kabla ya upasuaji humsaidia sana. Daktari huyo huenda akawa Mombasa, Moshi au Muscat, miaka 30 kuanzia leo, ilhali kliniki ya hapa imeshafungwa. Omba nakala ya vipimo vya kabla na baada, uiweke pamoja na pasipoti na hati za nyumba, na umwambie mwanao ilipo. Leseni yako ya udereva nayo, ikiwa ina alama 01 ya kuvaa miwani, wajulishe DVLA wairekebishe.

Na jambo moja lisisahauliwe: leza haifupishi jicho lililorefuka. Aliyekuwa na miwani nzito bado ana hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, hata kama sasa anaona bila miwani. Akiona ghafla vimulimuli, madoa mengi meusi yanayoelea, au kivuli kama pazia, na aende kutazamwa siku hiyo hiyo. Upimaji wa macho wa kawaida na uendelee. Hapa Uingereza watoto walio chini ya miaka 16 hupimwa bure, na vilevile wenye miaka 60 na zaidi na wenye kisukari. Wenye miaka 40 na zaidi ambao mzazi au ndugu yao wa damu ana presha ya macho nao hupimwa bila malipo. Haki hiyo wengi wetu tunaiacha ipite.

Kwa hiyo yule kaka wa miaka 27, akipimwa akafaa na fedha anazo, tungemwambia hana cha kuogopa kupita kiasi. Dada yake tungemwomba angoje, ajaribu lenzi kwa mwezi mmoja huku akishona, kisha aseme mwenyewe. Macho ni yake. Mume, watoto na sisi waandishi ni washauri tu.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya meno ya watoto na peremende za msimu wa baridi. Wenye maswali wayaandike na kuyatia katika kisanduku kilicho mlangoni mwa ukumbi.