Ukienda Mlimani Kula cha Mlimani, na Ulipe Kabla Gari Halijaondoka

Likizo zikifika, wengi wetu hufunga safari kuelekea upande wa Mlima Kenya. Kuna wanaoenda kupanda mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 5,199, na kuna wanaoenda tu kumsalimia shosho Nyeri, Kirinyaga, Embu au Meru. Cha ajabu ni kwamba gari likisimama njiani, tunakimbilia chipsi na soda, vitu ambavyo tungevipata hata kwenye stendi ya matatu mtaani kwetu.

Sisi tunaona hiyo ni hasara mara mbili. Wewe msafiri unakosa chakula cha eneo hilo, na mama aliyeamka alfajiri kuchemsha nduma anarudi nazo nyumbani. Kwa hivyo leo tuongee chakula kwanza, halafu pesa.

Cha kula

Anza na mukimo: viazi, mahindi na majani ya malenge vilivyopondwa pamoja. Wengine huongeza maharagwe, njegere au ndizi. Ukibahatika utapata uliopikwa na thabai, yale majani yanayowasha yakiwa mabichi lakini yakiiva yanalainika kabisa. Mukimo ni chakula cha heshima huko. Hata kwenye ruracio hautakosa.

Githeri nayo usiidharau ati kwa sababu uliila shuleni ukachoka. Ile ya mahindi mabichi na maharagwe mapya, ikakaangwa na kitunguu na nyanya, ni kitu kingine. Ukiona njahi, zile nyeusi zenye alama nyeupe, omba sahani. Kwa desturi hupikiwa mama aliyejifungua ili apate nguvu.

Asubuhi, achana na mkate. Kula nduma au viazi vitamu na chai, au unywe uji uliochachuka. Nduma hupenda mahali penye maji, kama kando ya mito, na hukaa shambani miezi mingi kabla ya kung'olewa. Ukiambiwa bei ukaona iko juu kidogo, kumbuka hiyo miezi.

Jioni ni saa ya mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa kwa makaa na kukatiwa hapo hapo. Kula ukiwa moto, na uchague jiko lenye wateja wengi.

Na ukifika Makutano, uko karibu na Mwea, ambako mpunga humwagiliwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Watu wengi hubeba pishori ya kupeleka nyumbani. Inusie kwanza: pishori halisi ina harufu yake, na kuna wauzaji wanaoichanganya na mchele wa bei ya chini.

Cha kulipa

Hapa ndipo tuna neno. Biashara ya kibanda cha barabarani ina faida ndogo sana. Sahani moja isiyolipwa inaweza kula faida ya sahani kadhaa zilizolipwa. Na sahani hizo hupotea zaidi wakati dereva anapiga honi, abiria anasema "nimetuma, angalia tu," halafu gari linaondoka.

Kwa maoni yetu, msafiri mwenye adabu hufanya hivi:

- Uliza bei kabla ya kula. Ukikubali, lipa hiyo hiyo. Kuanza kubishana bei sahani ikiwa tupu si ujanja.

- Uliza mwenyewe anapenda kulipwa vipi. Kama ana till, tumia till. Ukituma kwa nambari yake ya kibinafsi, kumbuka kwamba atakatwa ada akienda kutoa kwa wakala. Usichukue nambari kutoka kwa mtu anayesimama tu karibu na kibanda.

- Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaenda kwa mtu asiyekujua, na mama wa mukimo bado anakudai.

- Ngoja ujumbe uingie kwenye simu yake. Kumwonyesha ujumbe ulio kwenye simu yako hakutoshi, kwa sababu matapeli huandika ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli. Mama akisema "bado sijaona," usikasirike. Hajakuita mwizi, analinda mtaji wake.

- Usirudishe malipo halali. Kuna mtu anashiba, anaingia garini, kisha anaomba pesa zirudishwe akidai alikosea nambari. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya makosa ya kweli. Kuitumia baada ya kula ni wizi, hata kama ni shilingi mia moja.

Na sasa neno ambalo huenda hukutarajia kulisikia kwetu: beba noti ndogo ndogo na sarafu. Ukizidi kupanda, kuna mahali mtandao unapotea, na simu nayo inaweza kuzima chaji. Kulipa kwa simu ni kuzuri pale kunapomfaa muuzaji pia. Pasipo mtandao, noti ya mia inamfaa zaidi kuliko ahadi ya "nitakutumia nikifika mjini." Wengi wakifika mjini husahau.

Tukisema "tuinue biashara ndogo," mara nyingi tunangoja serikali au benki ifanye kitu. Lakini mama wa nduma huinuliwa na mteja anayekula, anayelipa bei waliyokubaliana, na anayengoja sekunde chache pesa ziingie. Dereva akipiga honi, mwambie asubiri kidogo. Atasubiri.