Pedi Moja Inatosha

Nina ubishi wa muda mrefu na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni muuza vifaa vya kompyuta, ambaye kwake pedi ya gemu iliyo bora ni ile iliyotoka juzi, yenye taa za rangi na vitufe visivyohesabika. Wa pili ni mkusanyaji wa mashine za zamani, anayedai kwamba kila mashine lazima ichezwe kwa pedi iliyozaliwa nayo, na kwamba asiye nazo zote anajidanganya tu. Watu hawa hawapendani, lakini mwisho wa maneno yao ni mmoja: toa pesa, kisha toa tena. Mimi nasema pedi moja inatosha, inapatikana hapa hapa Arusha, na wala si ile wanayoitaja wao.

Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima anaandika kurasa nzima kuhusu michezo ya watoto. Hao nawajibu kwamba bado sijasikia bao likiitwa mchezo wa watoto, ingawa wazee hulicheza kutwa nzima na kutukanana juu yake.

Kwanza jambo lenyewe, kwa asiyelijua. Mashine za gemu tulizoletewa miaka ya tisini hazikuwa Nintendo halisi. Zilikuwa nakala za Kichina za mashine ya Kijapani iitwayo Famicom, iliyotoka mwaka 1983. Stesheni za televisheni Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, na mashine hizo kwetu ziliingia karibu na wakati huo huo, pamoja na kaseti zake zilizoandikwa kwa kiburi kwamba ndani mna gemu 9,999,999. Ukizihesabu, unakuta gemu chache zinarudiwa kwa majina tofauti. Baadaye ikaja PlayStation, kisha PlayStation 2 ya mwaka 2000, nayo ikajaza vibanda vya mpira mtaani. Mashine nyingi kati ya hizo zimekufa. Kilichobaki ni programu ya kompyuta inayoigiza mashine ya zamani, ambayo vijana huiita emuleta. Kompyuta ya mtumba ambayo ofisi imeichoka yaweza kuwa Famicom, ikawa Mega Drive ya 1988, ikawa Super Famicom ya 1990, ikawa PlayStation ya 1994, yote hayo bila kuhama mezani.

Kinachokosekana hapo ni kitu cha kushika mkononi. Kibodi haifai. Mtoto na baba yake wakiigombania, viwiko hugongana, na gemu nyingi za wakati ule zilitengenezwa ili zichezwe na wawili. Kwa hiyo pedi lazima inunuliwe. Na nyumba nyingi ninazozijua hapa Njiro zitanunua mara moja tu; pesa ya mara ya pili ni ya sare za shule. Ndiyo maana ushauri mbaya katika jambo hili hauchekeshi.

Nianze na mkusanyaji, maana hoja zake zina akili kidogo. Anasema kwamba mkono una kumbukumbu, na hapo sina ubishi naye. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985 kitufe B ni cha kukimbia na A ni cha kuruka, navyo vimekaa sambamba. Mchezaji hulaza kidole gumba, ncha ikibana B bila kuachia, na kiungo cha nyuma kikiigonga A kila anapotaka kuruka. Yeyote aliyecheza utotoni hufanya hivyo bila kufikiri. Mkusanyaji anasema ukibadilisha pedi umeua kitendo hicho. Si kweli. Nintendo wenyewe walikihamisha. Katika Super Mario World ya mwaka 1990 kukimbia kulipelekwa kwenye kitufe Y cha kushoto na kuruka kwenye B ya chini, kwa mshazari, na kidole gumba kikakaa vizuri zaidi kuliko zamani. Mpangilio huo wa vitufe vinne kama pembe za almasi ndio huo huo ulio kwenye pedi ya PlayStation. Hata haishangazi, kwani Sony na Nintendo walikuwa wakishirikiana kutengeneza mashine ya diski mpaka mwaka 1991, ndipo wakagombana na Sony akaenda zake. Weka B ya Famicom kwenye kitufe cha mraba na A kwenye kitufe cha eksi, na mkono wako utakuwa nyumbani.

Halafu tuhesabu, maana mkusanyaji hapendi kuhesabu. Pedi ya Famicom ina njia nne za msalaba, A, B, Start na Select, jumla nane. Ile ya Super Famicom ina kumi na mbili. Mega Drive ilianza na vitufe vitatu vya kidole gumba, na pedi yake ya vitufe sita ilitoka mwaka 1993 kwa sababu ya Street Fighter II, gemu inayotaka ngumi tatu na mateke matatu. Hiyo nayo haizidi kumi na mbili. Pedi ya PlayStation ina kumi na nne kabla hujagusa vile vijiti viwili vinavyoitwa analogi. Kwa hiyo kila kilichomo katika hizo nyingine kinaingia humu na nafasi inabaki. Kuhusu ngumi na mateke, waliocheza gemu hiyo kwa Super Famicom walikuwa na vitufe vinne tu vya mbele. Pigo kali la ngumi na la teke yalipelekwa mabegani, na dunia nzima ikapigana hivyo bila kulalamika.

Kilicho kigumu kweli ni msalaba. Kitufe hicho kilibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo mwaka 1982 kwa ajili ya gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong, na gemu zote za zamani zimesimama juu yake. Hapa ndipo pedi ya bei kubwa inapoweza kuaibika mbele ya pedi ya kawaida, maana gemu za siku hizi huendeshwa kwa vijiti, na msalaba umebaki kazi ya kuchagulia menyu, hivyo mtengenezaji hauangalii tena. Pedi ya Xbox 360 ya mwaka 2005 ilisifiwa kwa kila kitu, na msalaba wake ukalaaniwa kwa kila kitu.

Msalaba mzuri unatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Katika Tetris ya Nintendo, ukibonyeza kushoto, tofali liende kushoto tu. Kidole kikiteleza kidogo na pedi ikadhani umesema chini, tofali hushuka kwa kasi na ukuta wako umeharibika. Lakini katika Street Fighter II, ili Ryu arushe ule moto wake, ni lazima kidole kipite chini, kisha mshazari, kisha mbele, na pedi iuone huo mshazari. Msalaba mkaidi hupendeza katika Tetris na kukunyima moto. Msalaba mlegevu hukupa moto na kukuharibia Tetris. Pedi inayofaulu mitihani yote miwili ndiyo inayostahili kuitwa ya gemu zote. Mtihani huo hauhitaji mtaalamu, unahitaji dakika tano na kidole.

Dakika tano hizo ndizo muuzaji anazotunyima. Nimeingia katika duka moja mjini, nikaomba pedi iliyokuwa ndani ya boksi ichomekwe kwenye kompyuta iliyokuwa pale pale kaunta ikiwaka. Kijana akaniambia, "Mzee wangu, shikamoo, lakini hii ni orijino, haijaribiwi." Neno hilo orijino limekuwa kama hirizi. Likishatamkwa, mnunuzi hatakiwi kuuliza tena. Nilimwambia kwamba hata viatu vya mtumba tunavijaribu. Akacheka, boksi likarudi juu ya rafu.

Mama mmoja jirani yangu hakubisha kama mimi. Alimnunulia mwanawe pedi isiyo na waya, yenye taa zinazobadilika rangi kama za ukumbi wa harusi. Wiki ya tatu kijiti cha kushoto kikaanza kujiendea chenyewe, mtu aliye kwenye kioo anatembea kushoto na hakuna aliyemgusa. Alipoirudisha akaambiwa udhamini hauhusu uchakavu. Ikapelekwa kwa fundi, naye akaizungusha mkononi akitafuta skrubu. Haikuwa na skrubu. Ilikuwa imegundishwa kwa gundi, na alipoipasua, betri ndani ilikuwa ya umbo lake peke yake, isiyouzwa popote mjini.

Hicho ndicho kinachoniudhi. Tunaishi mahali ambapo kiangazi vumbi la barabara zisizo na lami huingia hata kwenye sukari. Vumbi laini la namna hiyo hupita pembeni mwa kitufe, hukaa chini ya raba, na kitufe huanza kugoma. Pedi isiyofunguka hapa ina miezi ya kuishi. Pedi inayofunguka kwa bisibisi ya nyota husafishwa kwa pamba na spiriti kidogo, na jioni hiyo hiyo inarudi kazini.

Na huo upungufu wa waya unaosifiwa hivyo una faida gani hapa? Gemu hizi huchora picha 60 kwa sekunde, au 50 kwa mashine za mfumo wa PAL. Kila picha haikai zaidi ya sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Televisheni bapa zenyewe huchelewa kidogo, na emuleta huongeza yake. Ukijumlisha na pedi ya rahisi inayotuma habari hewani, umebonyeza kuruka na shimo limekwisha kukumeza. Waya haubishani na mtu hewani, wala haumalizi betri katikati ya pambano. Ukikatika shingoni, kama zote zinavyokatika, fundi huukata, akaumenya na kuuchomea risasi upya.

Basi pedi yangu ni ipi? Ni ile ya PlayStation 2, ya waya, pamoja na adapta ndogo ya kuichomeka kwenye tundu la USB. Au pedi ya USB iliyotengenezwa kwa umbo hilo hilo. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na sehemu yetu tuliipata kupitia vibanda. Kwa miaka mingi vijana wamezipondaponda pedi hizo kwa hasira za kufungwa, na kwa miaka hiyo hiyo mafundi wetu wamezifungua. Fundi wa simu anayekaa na kimeza chake karibu na stendi anaijua raba yake, anajua utepe wa ndani unapopasuka, na katika kopo lake ana vijiti vilivyong'olewa kwenye pedi zilizokufa. Hakuna pedi nyingine ambayo mji huu unaifahamu hivyo. Mkusanyaji hukadiria pedi siku ya kuinunua, mimi naikadiria siku itakapoharibika.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kampuni ya 8BitDo ya Shenzhen ilitoa mwaka 2021 pedi iitwayo Pro 2, yenye umbo la Super Famicom na vijiti viwili, na betri yake hutoka, ukaweka betri mbili za kawaida za dukani. Hao walifikiri. Mwenye uwezo wa kuiagiza aiagize, hatajuta. Ila asimwambie asiye na uwezo kwamba bila hiyo hachezi.

Yapo mambo mawili ambayo pedi moja haiyawezi, nami siyafichi. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuwa na mikono mitatu na vitufe vinne vya njano vilivyoitwa C. Unaweza kuvipeleka kwenye kijiti cha kulia na mambo yakaenda, lakini si raha. La pili ni bunduki ya kupigia bata. Hiyo ilikuwa ikisoma mwanga wa kioo cha televisheni ya zamani yenye mgongo, na kwenye televisheni bapa haioni kitu, hata uwe na pedi ya dhahabu. Anayetaka bata atafute kwanza televisheni yenyewe.

Kwa aliyeamua kununua, aende na kompyuta yake ndogo, au amwombe kijana anayejua. Aangalie nyuma kama kuna skrubu. Achomeke, afungue Tetris, abane kushoto huku akikitikisa kidole gumba. Kisha afungue gemu ya ngumi na ajaribu moto mara kumi upande wa kulia na mara kumi upande wa kushoto, maana ziko nyingi zinazofaulu upande mmoja tu. Adapta nayo ijaribiwe papo hapo, zipo zinazochelewa na zipo zinazosoma msalaba kama kijiti. Akifika nyumbani, kazi ya kupanga vitufe ataifanya mara moja. RetroArch, kwa mfano, ina pedi yake ya kuwazika iitwayo RetroPad. Ukishailinganisha na pedi yako, yenyewe huzitafsiria mashine zote zilizobaki. Na viwanja vya Nane Nane pale Themi vikifunguliwa Agosti, wauza pedi wanakuja na meza zao na jenereta. Waombwe wachomeke.