Tulinunua telefone, hatukununua wapangaji

Ndogo yangu anachimba zahabu upande wa Bafwasende. Kwenye shimo yao rezo hakuna. Kila siku ya Mungu anapanda mulima, karibu saa nzima kwa miguu, telefone mu mufuko, na mega 100 zenye alinunua mbele ya kuingia mu pori. Akifika juu, rezo inaingia. Anabonyeza, anaanza kusemesha muke wake hapa Bangboka: watoto wako aje, feza ya shule imefika? Sauti inazunguka, inazunguka, haitoke. Kisha anapata ujumbe: mega zako zimeisha. Na bado hajasema na mutu hata moja.

Mwezi uliopita mutoto wake aliwaka homa siku tatu. Mama alituma sauti siku ya kwanza. Baba aliisikia kisha siku nane, wakati alipata mega zingine. Mungu alisaidia, mutoto akapona kwa deni ya dawa. Lakini mu ile siku nane muke alikuwa anasema: bwana ametusahau. Na bwana hakusahau mutu. Telefone njo ilikula mega yake.

Nyumba ngapi hapa kwetu ziko na magomvi ya namna hii? Mutu mu shimo anasema nilituma, mutu wa nyumbani anasema sikupata, na wote wawili wanasema ukweli.

Tuseme wazi namna inapita. Telefone nyingi zenye tunanunua zinakuja na programu zenye hatukuomba: michezo, habari, mapambo ya ekrani, duka ya pili na ya tatu ya kupakua vitu. Wakati hakuna rezo, zinakaa kimya, lakini hazilale, zinangoja. Rezo ikirudi tu, zinaamuka zote mara moja. Ingine inaleta matangazo, ingine inatafuta toleo mupya, ingine inatuma habari zako fasi yenye haujui. Wewe njo ulipanda mulima, wewe njo ulilipa, lakini kwenye mulango unapita wa mwisho. Mutu wa muji mwenye rezo kila saa hasikii sana hii mizigo. Muchimbaji anaisikia, juu mlango wake unafunguka mara moja kwa juma.

Na ukitaka kuziondoa? Unabonyeza, unatafuta neno « Désinstaller », haliko. Telefone inakukatalia. Ni kama umenunua nyumba, umelipa yote, unaingia unakuta wapangaji ndani. Hawalipi kodi, wanakula mu sufuria yako, na mwenye kukuuzia anasema hauna haki ya kuwatosha. Wazee wetu walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Hawa wageni wako na miaka, na jembe hawajashika.

Mutu asiseme ni mambo ya kuwaza tu. Mu mwezi wa 8 mwaka 2020, watafiti wa kampuni ya Upstream walitangaza kama telefone za Tecno W2, zenye ziliuzwa mu Afrika, zimekutwa na programu mbaya, Triada na xHelper, zenye zilikuwa zinaandikisha mutu kwa huduma za kulipia bila yeye kujua. Walihesabu telefone zaidi ya 200 000 na majaribu milioni 19,2 ya namna hiyo, mu inchi kama Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Kampuni ilijibu kama ni shida ya zamani yenye walikwisha kutengeneza. Basi vizuri. Lakini ile unité yenye ilikatwa, nani aliirudisha?

Najua wauzaji watajibu nini. Watasema: telefone iko bei chini juu wenye programu walilipa ili ziwekwe ndani. Ni kweli, wanalipa. Lakini bei yenye ulipunguziwa kwenye duka, unailipa polepole kwa mega, siku kwa siku, mpaka telefone inakufa. Wenye kununua zahabu hapa wanajua hiyo hesabu: mutu anakupatia bei nzuri, kisha anachezea mizani.

Watasema tena kama programu zingine za ndani ni za lazima. Hiyo pia ni kweli. Telefone haiwezi kutembea bila ile ya rezo, ya saa, ya usalama. Hatuombi kuondoa moteri ya pikipiki. Tunaomba kushusha abiria wenye hatukuita.

Na inawezekana. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilikata Google faini ya zaidi ya miliari 4 ya euro, sababu mojawapo ikiwa kulazimisha watengenezaji kuweka programu zake mu telefone. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2024, sheria ya kule inalazimisha makampuni makubwa kumuacha mutu aondoe zile programu zenye si za lazima. Kwa mutu wa Ulaya, kitufe cha kuondoa kinapatikana. Kwa mutu wa Tshopo, hakuna. Na bateri ya zile telefone iko na kobalti, yenye sehemu kubwa sana ya dunia inatoka mu udongo wa Kongo. Tunatosha jiwe, tunarudishiwa mizigo.

Kwetu sheria haikosi. Code du numérique iliwekwa tarehe 13 Machi 2023, na inasema juu ya kulinda habari za mutu. ARPTC njo iko na kazi ya kuangalia vyombo vya mawasiliano mbele viuzwe. Basi iseme wazi: telefone yenye kuingia mu Kongo, programu yote yenye si ya lazima iweze kuondolewa. Na kwenye karton waandike ukubwa wenye unabakia kwa mununuzi, si « 16 Go » zenye sehemu kubwa imekwisha kuliwa. Tusiseme hawatasikia. RAM ilianza mwaka 2020, ikakata unité za watu, watu wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikaondoka.

Mu kungojea, tufanye chenye kinawezekana. Mbele ndugu yako hajarudi ku shimo, shika telefone yake. Ingia mu « Paramètres », kisha « Applications ». Programu yenye haiondoke, mara nyingi inakubali « Désactiver ». Washa « Économiseur de données ». Mu Play Store, weka mise à jour zifanyike kwa Wi-Fi tu, lakini usizikate kabisa, juu zingine zinafunga mulango kwa wezi. Mu WhatsApp, zima kupakua picha na video zenyewe. Na usimupatie mutu wa barabarani telefone aibadilishie système yote: unaweza kufukuza mupangaji na kuingiza mwizi.

Tulifanya hivyo kwa telefone ya ndogo yangu juma lililopita. Siku ya Mungu, saa ine ya asubui, sauti yake iliingia hapa, dakika mbili nzima. Muke wake aliisikiliza mara tatu. Ile dakika mbili ilikuwa yake tangu zamani, alikuwa amekwisha kuilipa.