Vipuri Vije kwa Hatua

Hakuna jambo linalonichosha katika mazungumzo ya watu wanaojiundia magari kama ile sifa ya kusema, "Mimi nililetewa vyote kwa siku moja." Husemwa kwa sauti ya bwana harusi aliyelipa mahari bila kubakiza hata senti. Wenzake hutikisa vichwa kwa heshima, na yule anayenunua gari lake kwa hatua, fremu mwaka huu na injini mwaka ujao, hunyamaza kama mtu mwenye deni dukani. Mimi ni miongoni mwa hao wa hatua, na sioni sababu ya kunyamaza. Nadai kwamba kuletewa vipuri vyote kwa pamoja ni hasara kwa mnunuzi wa kawaida na ni faida kwa muuzaji.

Msomaji ambaye hajaishi Uingereza huenda akauliza gari la kujiundia ni gari gani. Ni gari linalouzwa kabla ya kufungwa: fremu ya chuma, bodi ya faibaglasi au alumini, na masanduku ya vipuri, ukalifunga mwenyewe nyumbani kwako. Mila hii ilishamiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na sababu yake kubwa ilikuwa kodi. Gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi. Vipuri alivyonunua mtu ili ajifungie mwenyewe viliepuka kodi hiyo. Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotoka mwaka 1957, ilipata wanunuzi wengi kwa njia hiyo. Tarehe 1 Aprili 1973 kodi ile ikaondolewa, ikaingia kodi ya ongezeko la thamani, na nafuu ikaisha. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuiunda Seven, na mpaka leo inaiuza, ama ikiwa imefungwa ama ikiwa masandukuni. Kampuni nyingine huuza fremu na bodi tu, wewe ukatafute gari kuukuu la kutolea injini, giaboksi na difu. Zamani lilikuwa Ford Sierra, siku hizi mara nyingi ni Mazda MX-5.

Kwa hiyo tangu 1973 mtu hajiundii gari ili akwepe kodi. Hujiundia kwa sababu kazi yenyewe inampendeza, na hilo nitalirudia, kwa kuwa wenye kutetea shehena moja husahau kwamba kazi ndiyo iliyonunuliwa.

Shemeji yangu anayekaa Leicester ni mtetezi wao mkubwa. Ananiambia, "Shemeji, wewe umefanya kazi kiwandani Mombasa. Magari yalikuja kwa meli yakiwa vipande, makasha kamili na orodha zake. Mbona hukudai waletewe bampa leo na mlango mwezi wa nane?" Ni hoja nzuri, na ndiyo inayonipa nguvu. Kiwandani kulikuwa na ghala. Kulikuwa na mtunza ghala, karani wake, mizani, rafu zenye namba, na watu ambao kazi yao ya kutwa ilikuwa kufungua makasha na kuhesabu. Ikikosekana bushi moja iliandikwa siku hiyohiyo, na barua ikaenda ng'ambo. Na makasha yale hayakukaa. Gari lililofunguliwa Jumatatu lilikuwa na injini kabla wiki haijaisha. Anayetaka kuiga kiwanda na aige vyote, pamoja na karani.

Hebu tumtazame shemeji mwenyewe. Gereji yake ni ya Kiingereza, urefu mita tano, upana mita mbili na nusu, nayo imejengwa kwa ajili ya gari dogo la zama za babu zao. Asubuhi moja lori lilimshushia masanduku thelathini na moja, fremu, na bodi iliyofungwa kwa blanketi. Viti vikalala chumba cha watoto. Kioo cha mbele kikawekwa nyuma ya kabati, na kwa miezi tisa hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza kabati. Gereji ikajaa hata fremu isiweze kuinuliwa juu ya stendi, maana yake gari halikuweza kuundwa kwa sababu ya vipuri vya kuliundia. Mkataba ulimtaka ataje upungufu wowote ndani ya siku saba. Yeye hufanya kazi zamu ya usiku. Bolti, nati na washa zilikuwa mamia, kwenye mifuko iliyoandikwa namba tupu. Alihesabu siku nne akatia sahihi.

Mwezi wa kumi na nne, alipofika kwenye difu, aligundua kwamba mabano mawili ya kuishikia yalikuwa ya upande mmoja. La kulia lilikuwa mawili, la kushoto halikuwepo. Aliandika. Akajibiwa kwa adabu kwamba dhamana ni ya miezi kumi na mbili tangu siku ya kupokea. Hapa ndipo ninapokasirika, na hasira yangu haiko kwenye mabano. Mabano yalichongwa kwa pauni chache. Nakasirishwa na saa iliyoanza kuhesabu siku ya lori.

Watetezi hunitajia sheria. Ni kweli, sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya 1979, na baada yake sheria ya haki za walaji ya 2015, zinasema mnunuzi halazimiki kupokea mali kwa mafungu isipokuwa amekubali. Wanaisoma kama hukumu dhidi yangu. Lakini inamlinda asiyetaka mafungu, haimkatazi anayeyataka. Na wasome mbele katika sheria hiyohiyo ya 2015. Haki ya kurudisha kitu kibovu moja kwa moja ni ya siku thelathini kwa kawaida. Kasoro ikionekana ndani ya miezi sita huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Ikipita miezi sita, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mnunuzi. Sasa piga hesabu. Mtu mwenye kazi yake na watoto wake humaliza gari kwa miaka miwili, mitatu, hata mitano. Ukiletewa vyote Jumanne moja, saa zote huanza kuhesabu Jumanne hiyo: ya shokapu utakayoifunga Jumamosi, na ya taa utakayoigusa baada ya miaka mitatu. Ukiletewa kwa hatua, kila fungu lina saa yake, nayo huanza ukiwa na spana mkononi.

Tena vipuri havilali bila kuzeeka. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji hujiua yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mara chupa ikifunguliwa. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi hilo linazeeka iwe limekanyaga lami au limeegemea ukuta. Nyumbani tunalijua jambo hili kwa saruji. Kuna ndugu wengi walioko ng'ambo ambao hupeleka pesa nyumbani, mifuko yote ikanunuliwa kwa mkupuo kwa kuwa bei ilikuwa nzuri, masika ikaingia na msingi haujachimbwa. Saruji ikaganda ndani ya mifuko, ikawa mawe yenye umbo la mto wa kulalia.

Sheria nazo hubadilika. Ukaguzi uitwao SVA uliwafikia wanaojiundia magari mwaka 1998, na mwaka 2009 ukapishwa na ule wa IVA. Humo wanapima hata ukali wa kingo: sehemu ya nje inayoweza kumgusa mtu inatakiwa iviringwe kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Mtu aliyepokea vioo vya pembeni na taa zake mwaka 1996 akaviweka sandukuni, alikuja kuvitoa wakati mkaguzi ameshapata kipimo kipya. Aliyekuwa bado kuletewa fungu la taa alikuwa na nafasi ya kuuliza kwanza.

Fundi wa majahazi hakungoja sheria wala semina kuyajua haya. Matondoni, kule Lamu, huanza na mkuku, kisha mbao za ubavuni, na mataruma huja baadaye, yakachongwa yafuate ubavu uliokwisha kupinda. Kipande cha mti kilichokwisha kujipinda porini ndicho kinachotafutwa, na hawezi kukitafuta kabla ubavu haujamwambia ni mpindo gani anaoutaka. Mletee miti yote siku ya kwanza, atakushukuru kwa adabu na nusu yake itakuwa kuni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vimeundwa kwa mpangilio.

Sasa nije kwenye hoja inayoniuma kweli, maana sitaki kushinda kwa kuzikwepa hoja ngumu. Itakuwaje kampuni ikifa njiani, nawe una fremu bila bodi? Mfano upo, na ni mkubwa. Kiwanda cha Van's Aircraft cha Oregon, Marekani, huuza ndege za kujiundia kwa hatua: mkia kwanza, halafu mabawa, halafu kiwiliwili, halafu vikamilisho. Desemba 2023 kiliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wateja waliokuwa na oda ambazo hazijatimizwa wakatakiwa wakubali bei mpya, kwa wastani iliyozidi ya zamani kwa karibu theluthi. Aliyekuwa na mkia gerejini akajikuta mabawa yamempanda bei. Sisemi hilo ni dogo.

Lakini tazama nani aliumia zaidi. Ni yule ambaye malipo yake ya awali yalikuwa yameshikwa kwa vitu ambavyo havijaletwa. Aliyelipia mkia na akapokea mkia, mkia ni wake. Hakuna mahakama iliyokuja kuufungua gerejini. Na huyo wa shehena moja analipa lini? Hulipa miezi mingi kabla ya lori, jumla nzima au sehemu yake kubwa, na kampuni ikianguka katika miezi hiyo hana hata skrubu. Kampuni ikianguka katikati ya hatua, nimepoteza hatua moja. Na nikiilipia kwa kadi ya mkopo, sheria ya 1974 humfanya mwenye kadi abebe lawama pamoja na muuzaji, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000. Zaidi ya yote, ndege zaidi ya 10,000 za kiwanda hicho zimekwisha kuruka, na mkia ule wa kwanza umewafaa pia wale wasioruka. Mtu hufunga mkia, akaona kwamba hana subira, au mgongo hauwezi, au mke wake ana haki ya kulalamika. Akauuza, akarudi kwenye maisha yake. Wa shehena moja huligundua hilo akiwa na ndege nzima masandukuni. Matangazo ya magazeti ya Uingereza yalijaa miaka mingi magari ya namna hiyo, yakiuzwa na maneno ya huzuni: "kazi haijaanza."

Gharama ya lori, nakubali, inazidi. Malori manne ni ghali kuliko moja. Ni ada ninayoilipa kwa moyo mweupe.

Kulingana kwa vipande ndiko kunakotaka akili. Bodi ya faibaglasi ina rangi yake ndani ya utomvu, na mchanganyiko wa mwaka huu unaweza kutofautiana na wa mwaka kesho. Ukinunua boneti leo na mlango baadaye utaendesha pundamilia. Kwa hiyo bodi yote ije mara moja. Hatua ikatwe na kazi yenyewe, mahali ambapo gari linaweza kusimama likasubiri bila kuharibika. Si popote pesa ilipoishia.

Na hapa nimgeukie muuzaji, maana mpaka sasa amekaa kimya akitusikiliza tukigombana. Huyu anayejisifu kuleta vyote kwa pamoja, mara nyingi haleti vyote. Huleta masanduku thelathini na moja na karatasi inayosema rejeta inafuata, waya wa spidi unafuata, nati za magurudumu zinafuata. Zinafuata mwezi wa pili, wa tano, nyingine mpaka upige simu ya tatu. Pesa ameshaitia mfukoni yote. Hii haiitwi shehena moja, wala haiitwi hatua. Ni mkopo ambao mnunuzi amempa muuzaji bila riba na bila kuombwa, na dhamana ya mkopo huo ni rejeta ambayo haijulikani iko wapi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha nani?

Hatua ninazozitaka ni hizi. Fremu, usukani, springi, shokapu na breki bila mafuta yake, zije pamoja, hata nati ya mwisho, ili gari lisimame kwa miguu yake. Injini, giaboksi, difu na rejeta zifuate, nisilipe mpaka niseme niko tayari. Kisha nyaya na saa za dashibodi. Kisha bodi yote, ya mchanganyiko mmoja, pamoja na kioo na viti. Dhamana ya kila fungu ianze siku ya fungu hilo, na namba ya fremu iandikwe kwenye kila oda ili wasije wakaniletea mabano ya toleo jingine. Bei ya hatua zijazo sitaki ishikwe kwa malipo ya awali. Ikipanda nitaamua wakati huo kama ninaendelea. Matairi na betri vije wiki ambayo gari linatakiwa kwenda kwa mkaguzi. Mafuta ya breki nitanunua mwenyewe, dukani, asubuhi ile ile.